Kikundi kimechanga nikasome, sasa nimeitiwa kazi Kasulu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Ujiji. Naomba usilitaje jina langu wala la kikundi chetu, maana hapa kwetu watu wanajuana hadi kwa kikohozi.

Nina stashahada ya maendeleo ya jamii. Nilipomaliza chuo nilijitolea kwenye shirika moja kule Kasulu, mradi ukaisha, nikarudi nyumbani, nikaolewa. Mume wangu ni mvuvi, anatokea mwalo wa Kibirizi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, ndani hakukuwa na kipato ila kile kidogo nilichokuwa nakipata kwenye sabuni. Hapo ndipo nilipojiunga kwa moyo wote na kikundi cha akina mama wanaokamua mawese na kutengeneza sabuni. Wakanichagua kuwa katibu, wakisema mimi ndiye niliyesoma.

Tulipata mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 usio na riba. Tulipanga kununua mashine ya kukamua, kumalizia banda, na kubakiza hela ya kununulia chikichi. Haikwenda hivyo. Mashine ilifika banda likiwa halijaezekwa, tukaingia gharama za turubai na mlinzi. Banda lilipokwisha, ikaonekana mashine inataka umeme wa njia tatu na maombi yalikuwa bado hayajapelekwa. Hela ya umeme ikatoka kwenye hela ya chikichi. Leo mashine inazunguka, lakini msimu mkubwa ulishatupita, na chikichi tunakopeshwa na wakulima wanaotuonea huruma. Marejesho ya halmashauri hayangoji. Kila mwezi tunakaa kikao tunatazamana.

Afisa maendeleo ya jamii wa kata akatushauri mmoja wetu akasomee usimamizi wa miradi. Wazo lilipita. Kozi inatolewa na taasisi binafsi Dodoma: wiki sita mtandaoni jioni, halafu wiki moja ana kwa ana. Ada ni 950,000, na ukiweka nauli, malazi na bando inafika kama 1,300,000. Kila mmoja akapangiwa fungu lake. Wakanichagua mimi. Mama Mwenyekiti, ambaye ni rika la mama yangu mzazi, aliuza mise yote, zile kokwa za chikichi, aliyokuwa ameihifadhi akaleta fungu lake kabla ya mtu yeyote. Akanishika mkono akasema, "Mwanangu, nenda ukatuletee akili ya kumaliza tunachokianza."

Haukupita muda, dada mmoja niliyejitolea naye Kasulu akanipigia simu. Shirika analofanyia kazi linatafuta msaidizi wa mradi, mkataba wa mwaka mmoja. Mshahara alioutaja nyumba yetu haijawahi kuuona kwa mwezi mmoja. Alisema wakubwa wananikumbuka, ila wanataka mtu mwenye cheti cha usimamizi wa miradi. "Ukishakuwa nacho wewe leta barua tu."

Tangu siku hiyo, Shangazi, usingizi umenipaa. Mume wangu anasema waliochanga wamechanga kwa hiari yao, na elimu ikishaingia kichwani ni ya mwenye kichwa. Anataka nisiwaambie mpaka cheti kiwe mkononi, kwa sababu wakijua watachukua hela zao nami nitakosa huku na huku. Si mtu mbaya. Kwa mara ya kwanza anaona njia ya kumalizia nyumba yetu bila kutegemea ziwa peke yake. Upande wa pili kuna mwenzetu aliyetaka kwenda yeye. Ameanza kusema pembeni, "Tunamsomesha aondoke." Hajui lolote, lakini maneno yake yananichoma.

Halafu kozi yenyewe. Tangazo linasema utapata cheti kinachotambulika kimataifa na kwamba wanakuandaa kwa PMP. Nilipouliza maana yake nilijibiwa, "Lipia kwanza, maelezo utapewa darasani." Masomo yote ni kwa Kiingereza. Kusoma naweza, polepole. Kuzungumza ndiyo shida. Naogopa nitakula hela ya wanawake wenzangu nirudi na karatasi.

Kuna kitu kingine, sijui hata kwa nini nakuambia. Usiku mmoja watoto walipolala nilichora nyuma ya kalenda ya zamani kazi zote za ile mashine, ipi ilipaswa itangulie ipi. Nikaona wazi tulipokwama. Nilifurahi peke yangu mpaka nikasahau kwenda kulala.

Je, niende nikae kimya? Nimwachie mwingine? Au nisome, nipate kazi, niwalipe kidogo kidogo? Mwisho wa kulipa ada ni mwisho wa mwezi huu.

Katibu, Ujiji

*

Marahaba, mwanangu Katibu.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaichukua tena. Niseme nilivyoielewa. Kuna fungu moja la hela na watu watatu wanalitazama. Kikundi kinataka lirudi likiwa ujuzi wa kukwamua mashine. Mume wako anataka lirudi likiwa mshahara. Wewe uko katikati, unaogopa kumkosea Mama Mwenyekiti, unaogopa kuinyima nyumba yako nafasi, na chini ya yote hayo unaogopa kwamba kozi yenyewe huenda isikupe unachokifuata. Hofu hizo zimefungwa kitita kimoja ndiyo maana zinakunyima usingizi. Tuzifungue.

Nianze na kalenda yako, kwa sababu umeitaja kama jambo la pembeni na mimi naona ndiyo habari kubwa kuliko zote ulizoniandikia. Ulichokifanya usiku ule kina wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wataalamu wa kampuni ya DuPont kule Marekani walitafuta namna ya kupanga ujenzi na matengenezo ya viwanda vyao. Wakafika kwenye swali lile lile la nyuma ya kalenda yako: kati ya kazi zote hizi, zipi zimeshikana kiasi kwamba moja ikichelewa siku, mradi mzima unachelewa siku? Hadi leo jambo hilo linafundishwa katika kozi za usimamizi wa miradi. Ukiliweka kwenye mashine yenu, utaona kwamba ombi la umeme, ambalo kulipeleka ni kazi ya asubuhi moja lakini majibu yake yanachukua muda, lilitakiwa litangulie. Banda lifuate. Mashine iagizwe mwishoni, ifike mlango ukiwa na kufuli. Na mambo yote hayo yahesabiwe kurudi nyuma kutoka kwenye msimu wa chikichi, kwa sababu msimu ndio tarehe pekee ambayo hakuna anayeweza kuisogeza. Wewe uliliona hilo bila mwalimu. Sikwambii kwamba huhitaji kozi. Nakwambia usiende kama mtu asiyejua kitu.

Kozi nzuri ingekuongezea nini? Ingekufundisha kuandika upeo wa mradi, yaani nini kimo na nini hakimo, ili asije mtu katikati ya njia na wazo la kuongeza choo au uzio. Ingekufundisha bajeti yenye akiba ya dharura. Ungejifunza rejista ya vihatarishi, daftari ambalo mnaandika mapema kila kinachoweza kuharibika, uwezekano wake, madhara yake, na nani atakishughulikia. Turubai na mlinzi vingekuwa humo kabla havijawagharimu. Ungejua wadau ni akina nani na kila mmoja anahitaji kuambiwa nini na lini. Na ungejifunza bangokitita, lile jedwali ambalo mashirika yanalipenda, linaloonyesha mradi unataka kufika wapi, utafanya nini, utajuaje umefika, na mambo gani ya nje yanaweza kuukwamisha. Kwa mtu anayetaka kuandika andiko la mradi, huo ni mtaji wa kweli.

Lakini nikuulize wewe na wenzako, kwa upole kabisa: shida iliyopo leo ni kukosa ujuzi, au ni kukosa hela ya chikichi? Ujuzi ulikosekana wakati wa kupanga, hilo sibishani nalo. Leo mashine inazunguka, banda lipo, umeme upo. Kilichopungua ni malighafi, na 1,300,000 ni malighafi pia. Afisa wa kata ametoa ushauri mwema, ila je, kikao kiliweka hoja hizo mbili mezani kikazipima, au wazo la kozi lilipita kwa sababu mlikuwa mmechoka kutazamana? Inawezekana kabisa mkaona kozi bado ina faida kubwa zaidi, kwa kuwa mkikosea tena kupanga hata chikichi mtakayonunua itaishia njiani. Ni uamuzi wenu. Ningependa tu mjue mnachagua kati ya nini na nini.

Sasa hicho cheti. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu nimeona vijana wengi wakitoa hela kwa herufi tatu ambazo hawakuelezwa.

PMP ni cheti cha kimataifa cha msimamizi wa miradi, na haitolewi na taasisi ya Dodoma wala ya mji mwingine wowote wa kwetu. Inatolewa na PMI, chombo cha wasimamizi wa miradi cha Marekani kilichoanzishwa 1969, na unaipata kwa kufaulu mtihani wao. Kuufanya mtihani huo kuna masharti. Mwenye shahada ya chuo kikuu anatakiwa awe na uzoefu wa kuongoza miradi wa miezi 36. Asiye na shahada, miezi mingi zaidi. Pamoja na hayo, saa 35 za mafunzo. Taasisi inaweza kukupa hizo saa 35, na hilo ni jambo halali, lakini saa hizo si PMP. Kwa stashahada yako ungehesabiwa kwenye hiyo miezi mingi zaidi, na inayohesabiwa ni miezi ya kuongoza mradi. Kuhudhuria tu hakutoshi. Chombo hicho hicho kina cheti cha wanaoanza kiitwacho CAPM, ambacho hakidai uzoefu ila elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo. Na kwa watu wa mashirika ya maendeleo kuna Project DPro, kilichotengenezwa kwa ajili ya miradi ya aina ile uliyojitolea Kasulu, na ngazi yake ya kwanza haidai uzoefu. Mwongozo wake unapakuliwa bure.

Kwa hiyo kabla hela haijatoka mkononi, iulize taasisi: mwisho wa kozi, cheti kitaandikwa jina la nani juu? Ni cha kuhudhuria au cha kufaulu mtihani? Ada ya mtihani wa nje imo ndani ya hizo 950,000 au ni juu yangu? Saa za mafunzo ni ngapi, na mtanipa uthibitisho wa maandishi? Wakisema kozi yao imesajiliwa hapa nchini, waulize imesajiliwa na nani, kisha ulizia mwenyewe NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi. Taasisi ya kweli haiudhiwi na maswali haya. Jibu la "lipia kwanza" si uthibitisho kwamba ni matapeli, maana wapo walimu wazuri wenye mapokezi mabovu. Lakini wewe si mteja wa hela yako peke yako. Una haki ya kuuliza kwa sauti ya kikundi kizima.

Kuhusu Kiingereza, usijihukumu kabla hujajipima. Pakua huo mwongozo wa bure wa Project DPro, soma kurasa za mwanzo usiku mbili tatu, ukiwa na daftari pembeni. Kiingereza cha vitabu vya fani hii kinajirudia sana. Ukishayajua maneno kama hamsini hivi, mengine yanakuja. Ukiona unaelewa ingawa polepole, umejua. Ukiona giza tupu, pia umejua, na haijakugharimu zaidi ya bando. Chuo Kikuu Huria kina kituo Kigoma. Kwenda kuulizia wana masomo gani ya fani hii na kwa masharti gani ni nauli ya daladala tu.

Nije kwenye kazi. Mwanangu, uliyonayo kwa sasa ni simu ya rafiki. Rafiki mwema, asante kwake, lakini simu haijawa kazi. Mwombe tangazo lenyewe. Limeandika cheti gani, na limeandika kwamba ni lazima au ni sifa ya nyongeza? Mwisho wa kutuma ni lini? Ukihesabu wiki sita na ile ya saba, kozi itakuwa imekwisha? Inawezekana unakosa usingizi kwa ajili ya nafasi ambayo itafungwa ukiwa wiki ya tatu. Uliza pia mradi unafadhiliwa na nani na hela ina muda gani mbele. Watu wa Kigoma mnalijua hili kuliko mimi: kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilifungwa 2021 na ajira zilizoizunguka zikaondoka nayo, na mwaka 2025 Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada, watu waliokuwa na mikataba safi walirudishwa nyumbani. Sikutishi. Mwaka mmoja wa mshahara unaweza kumaliza nyumba, na mume wako hakosei kuuona hivyo. Nataka tu mwaka huo uupime kama mwaka mmoja.

Na kuna jambo hukuliandika kabisa. Kasulu si pua na mdomo na Ujiji. Watoto watakuwa na nani, baba yao akiwa ziwani usiku? Umenieleza mume anataka nini, Mama Mwenyekiti anataka nini, rafiki anasema nini. Wewe unaitaka kazi hiyo? Nilitafuta sentensi hiyo kwenye barua yako sikuiona. Furaha niliyoiona ni ile ya usiku wa kalenda, na ile haikuwa ya mshahara. Labda ingeweza kuishi kazini Kasulu, labda ingeishi bandani kwenu. Mimi siwezi kuijua. Wewe unaweza, ukijipa nafasi ya kujiuliza bila mtu mwingine chumbani.

Sasa kunyamaza. Namwelewa mumeo na sitamsema vibaya. Ametoka kwenye miezi mitatu ya ziwa lililofungwa. Mtu aliyeona hivyo hataki kuchezea nafasi. Hoja yake ina nguvu moja: kazi haijapatikana, kwa nini uwashtue watu kwa kitu ambacho huenda kisitokee? Ni kweli. Lakini tufuate njia hiyo hadi mwisho wake. Umesoma, umepata cheti, umepeleka barua Kasulu. Shirika litaomba wadhamini wa kupigiwa simu, na kazi yako ya karibuni kabisa ni ukatibu wa kikundi. Atakayepigiwa ni nani kama si Mama Mwenyekiti, au afisa wa kata aliyewashauri? Wangelipata jambo hilo kutoka kwa mgeni wa ofisini. Tena mkopo wa halmashauri ni wa kikundi, nawe umo. Kuhamia Kasulu hakukutoi. Utaendelea kuhitaji wenzako wakupokee simu, nao watahitaji hivyo hivyo kwako.

Kusema nako kuna hatari yake, nisikufiche. Ukiwaambia leo, wanaweza kumchagua mwingine, na yule anayesema pembeni atasema hadharani kwamba aliona mbali. Itauma. Huenda pia Mama Mwenyekiti akanyamaza kwa muda, na ukimya wa mtu mzima ni mzito. Lakini kuna jambo ambalo kusema kunalifungua na kunyamaza hakuwezi: mazungumzo ya makubaliano. Kikundi kinaweza kusema, nenda, ila kila wiki mtandaoni uwafundishe wawili wetu ulichojifunza. Au, ukiajiriwa kabla ya msimu ujao urudishe sehemu fulani ya ada kwa muda fulani, ukiajiriwa baada yake hudaiwi. Mkiandika hayo kwenye muhtasari wa kikao na kila mmoja akatia saini, hata yule mwenzenu atakuwa na cha kushika. Angalizo langu ni moja: usisaini kwa aibu. Mtu mwenye aibu hukubali masharti ya miaka mitatu, halafu akaishi nayo kama kifungo.

Hilo la ujuzi kukaa kwenye kichwa kimoja ningelifikiria hata kama simu ya Kasulu isingepigwa. Katibu anaweza kuugua, kujifungua, kumfuata mume ugenini. Kikundi kinachomtegemea mtu mmoja kiko hatarini hata kama mtu huyo ni mwaminifu kupita wote. Mngeandika rejista ya vihatarishi leo, hicho kingekuwa mstari wa kwanza, na kukiandika si kukutuhumu.

Njia ya kusoma kisha kuwalipa kidogo kidogo inavutia kwa sababu inakupa uhuru. Ila ni deni juu ya deni. Ikiwa kazi haikupatikana, utakuwa unadaiwa na halmashauri pamoja na wenzako, na nyumba inangoja ziwa. Ukiichagua, iwe ni mkopo waliokubali kukukopesha wakijua ni mkopo. Kumwachia mwenzako aende ni njia ya heshima, na sijui kama mmewahi kumuuliza kwa nini alitaka sana kwenda. Pengine ana kitu. Lakini usimwachie kwa kukimbia maneno. Ukifanya hivyo utamkasirikia kila akifungua daftari. Na ipo njia mliyoiruka: kuanza wawili au watatu na masomo ya bure kupitia ule mwongozo, mkutane bandani jioni moja kwa wiki, mzitumie kurasa zake kupanga msimu ujao. Haitawapa cheti, na Kasulu hawataihesabu. Ingewaonyesha tu kama hela hiyo inahitaji kwenda Dodoma au kwa wakulima wa chikichi.

Kwa mume wako, usiende na uamuzi tayari. Nenda na karatasi. Andikeni pamoja: mshahara wa mwaka, toa kodi ya chumba Kasulu, nauli za kurudi, mtu wa kukaa na watoto, fungu la marejesho. Mtu wa ziwa anajua kuhesabu mafuta ya injini dhidi ya samaki atakaorudi nao, na hesabu hiyo ataielewa haraka kuliko mabishano ya nani ana haki na elimu. Inaweza kumpa yeye sababu zaidi, inaweza kukupa wewe. Vyovyote, mtakuwa mnatazama kitu kimoja.

Limebaki la tarehe. Mwisho wa mwezi ni tarehe ya taasisi, na kozi za aina hii kwa kawaida zina kundi jingine nyuma yake. Piga simu uulize linalofuata linaanza lini, na kama ada ni ile ile. Wakikujibu vizuri utakuwa umepata nafasi ya kuongea na kila unayehitaji kuongea naye, kwa mpangilio unaoutaka mwenyewe. Wakikataa hata kujibu hilo, mpelekee Mama Mwenyekiti jibu lao kama lilivyo, muamue pamoja cha kufanya na hela mliyochanga.